Mwendo wa Kasi na Mwili wa Abiria

Msomaji, yamkini umewahi kuusikia msemo wa kwamba ajali haina kinga. Msemo huu hutamkwa matangani, hutamkwa hospitalini, na hutamkwa kando ya barabara penye vioo vilivyovunjika. Ni neno la kumfariji aliyefiwa, na kwa kazi hiyo hapana wa kulilaumu. Lakini neno la faraja likigeuzwa kuwa neno la hoja hudhuru. Maana mtu aaminiye kwamba kinga haipo hataitafuta, hata kama imelazwa mbele ya macho yake. Insha hii yakusudia kukuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kinga ilikuwapo, na mwaka wake wajulikana. Na kwamba ilichukua muda mrefu mno kumfikia mtu aliyeihitaji zaidi, yaani abiria wa kila siku wa mitaa ya Eastlands katika mji wa Nairobi.

Ili tulifahamu jambo hili hatuna budi kujibu maswali matatu. Kwanza, gari liendalo kasi humtenda nini mtu aliyemo ndani yake? Pili, kwa nini katika gari moja huyu huona kizunguzungu na mwenziwe asione? Tatu, watu wa Eastlands walitoka vipi katika mwendo wa miguu wakaingia katika mwendo wa matatu, na ni nani aliyewakumbuka katika safari hiyo?

Tuanze na mitaa yenyewe. Eastlands ni jina la mitaa iliyoenea mashariki ya kitovu cha mji. Pumwani ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye ikafuata mingine, kama Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo, Mbotela na Jericho, iliyojengwa zaidi kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini, viwandani na katika karakana za reli. Mabasi ya mji, ya kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Kenya Bus Services, yalianza mwaka 1934, lakini nauli haikuwa ndogo kwa mtu wa mshahara mdogo. Kwa hiyo wengi walikwenda kazini kwa miguu alfajiri na kurudi kwa miguu jioni, na aliyejaliwa alipanda baiskeli.

Mtu aendaye kwa miguu hana haja ya elimu ya mwendo. Mwili wake ndio injini, nao ndio breki. Akikata kona hujiinamisha mwenyewe bila kufikiri. Akitaka kusimama husimama. Akijikwaa huanguka kwa uzito wake tu, akanyanyuka, akajikung'uta vumbi. Mwili wa mwanadamu uliumbiwa mwendo huo, na kwa maelfu ya miaka haukujua mwingine ila ule wa mnyama apandwaye na wa chombo cha baharini.

Sasa yakupasa kulijua jambo ambalo watu wengi hulikosea. Mwili hauhisi kasi. Nairobi iko karibu sana na mstari wa ikweta, na mahali hapo dunia, kwa kujizungusha kwake, humchukua kila mtu kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Bibi auzaye mboga katika soko la Gikomba huenda kwa mwendo huo ameketi penye kigoda chake, wala halioni hata jani moja la sukuma likitikisika. Kisa chake ni kwamba mwendo huo haubadiliki: hauongezeki, haupungui, na kupinda kwake ni kudogo mno. Mwili huhisi badiliko la mwendo. Gari likiongeza kasi, likipunguza, au likipinda, ndipo mwili unapopata habari.

Sababu yake ilielezwa na Mwingereza Isaac Newton katika kitabu alichokitoa mwaka 1687. Kitu kilichotulia hudumu katika utulivu, na kitu kiendacho hudumu katika kwenda, tena kwa mstari ulionyooka, mpaka kilazimishwe na nguvu nyingine. Basi gari likipinda kushoto, mwili wa abiria hautaki kupinda. Wataka kwenda mbele moja kwa moja. Yeye huona kana kwamba anasukumwa kulia, kumbe ni gari linalomwacha. Gari likisimama ghafla, yeye angali safarini.

Nguvu hiyo hupimwa kwa kuilinganisha na uzito wa mtu mwenyewe. Ikiwa sawa na uzito wake huitwa mara moja, ikiwa maradufu huitwa mara mbili, na kadhalika. Na wataalamu huiandika kwa herufi ya g. Tuchukue mfano, nawe unaweza kuuhakikisha kwa kalamu yako. Fikiri kona ambayo, kama ingekamilishwa ikawa duara, nusu kipenyo chake kingekuwa mita 50. Abiria mwenye uzito wa kilo 60 akipita hapo kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, husukumwa upande kwa nguvu ya kilo 8 na nusu hivi. Hiyo yaweza kuzuiwa kwa mkono mmoja. Dereva akipita hapo hapo kwa kilomita 60, nguvu haiwi kilo 17, bali huwa kilo 34. Mwendo umeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nne. Hapa ndipo hesabu inapowadanganya watu wengi: dereva hufikiri ameongeza kidogo, kumbe barabara imeongeza kwingi.

Hayo ni ya kona. Ya kugonga ni makubwa zaidi. Gari lililokuwa likienda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, na sehemu yake ya mbele ikajikunja kwa kiasi cha sentimita 70 kabla halijasimama kabisa, mtu aliyefungwa imara kitini mwake hupata kwa nukta moja nguvu ya mara 14 ya uzito wake. Yule wa kilo 60 huwa, kwa kufumba na kufumbua, na uzito unaozidi kilo 800. Hapana mikono iwezayo kuuzuia uzito huo kwa kushika kiti cha mbele, wala hapana mama awezaye kumshika mtoto wake akamzuia. Na asiyefungwa hupata nguvu kubwa kuliko hiyo, maana yeye hasimamishwi pamoja na gari. Huendelea kwenda mpaka akutane na chuma.

Tumeona nguvu; sasa tutazame kizunguzungu, maana hivi viwili ni ndugu lakini si pacha. Ndani kabisa ya kila sikio, ndani ya mfupa, mna vijifereji vitatu vilivyopindwa kama nusu duara, kila kimoja kimeelekea upande wake. Vimejaa majimaji, na humo mna vinywele vidogo sana vilivyounganishwa na mishipa ya fahamu. Kichwa kikigeuka, vijifereji hugeuka nacho, lakini majimaji huchelewa. Vinywele hulala, na ubongo hupata habari kwamba kichwa kinageuka. Mfaransa Pierre Flourens alipovikata vijifereji hivyo katika masikio ya njiwa, katika miaka ya 1820, aliwaona njiwa hao wakipoteza mwelekeo wakizunguka ovyo. Baadaye tabibu Róbert Bárány wa Vienna aligundua kwamba maji baridi au ya moto yakitiwa sikioni mwa mtu humletea kizunguzungu hata kama ameketi kitako, kwa kuwa joto na baridi huyatembeza majimaji yale ya ndani. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari za tuzo zilimkuta akiwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi.

Basi kizunguzungu na kichefuchefu cha safarini hutokea pale mashahidi wawili wanapotoa ushahidi usiopatana. Sikio lasema, "Tunageuka." Jicho, kwa kuwa latazama kitabu au mgongo wa mtu aliye mbele, lasema, "Tumetulia." Ubongo hushindwa kuamua, na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Ndiyo sababu dereva haugui aghalabu. Yeye huitazama njia, huijua kona kabla haijafika, na mkono wake ndio unaoileta. Abiria huletewa. Shika neno hili, msomaji, kwa maana ni ufunguo wa yote yatakayofuata: mwendo ule ule, katika gari lile lile, si mmoja kwa aushikaye usukani na kwa yule asiyeushika.

Nairobi ilipata kuyaona mambo haya kwa namna ya mchezo. Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari ya kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo tangu mwaka 1960 yaliitwa Safari ya Afrika Mashariki. Njia zake zilikuwa za vumbi, mawe na matope, na mvua za Pasaka hazikumhurumia mtu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 tena yalimaliza 7 tu. Katika kila gari mlikuwa na dereva na mwenziwe wa kumsomea njia. Tafakari kazi ya huyo wa pili: macho karatasini, kichwa kikirushwa huku na huku, masikio yakipiga kelele kwamba dunia inageuka. Ujasiri wake haukuimbwa sana, lakini yamkini tumbo lake lilipigana vita vikali kuliko mikono ya dereva.

Mwaka 1965 mashindano hayo yalishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant. Waliendesha gari aina ya Volvo PV544 lililokwisha kutumika. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, akapendwa nchi nzima. Lakini kwa insha yetu, gari lile la mwaka 1965 lina habari kubwa kuliko kombe lake. Mwaka 1959 mhandisi wa Sweden, Nils Bohlin, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Volvo, alikuwa ameubuni mkanda wa usalama wa ncha tatu, upitao kifuani na kiunoni na kufungwa kwa mkono mmoja. Gari la kwanza kumfikia mnunuzi likiwa na mkanda huo, mwezi wa Agosti mwaka 1959, lilikuwa la aina hiyo hiyo ya PV544. Kampuni iliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia ubunifu huo pasipo malipo.

Angalia hekima ya mkanda huo. Haiondoi nguvu, nguvu haiondoki. Kazi yake ni kuigawanya nguvu hiyo katika mifupa iliyo imara, yaani ya kifua, bega na nyonga, na kumsimamisha mtu pamoja na gari badala ya kumwacha asimamishwe na kioo. Miaka mitano kabla ya hapo, tarehe 10 Desemba 1954, tabibu wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, alikuwa amejifunga katika kigari cha roketi jangwani New Mexico, akaenda kwa mwendo wa kilomita 1,017 kwa saa, kisha akasimamishwa kwa muda mfupi kuliko sekunde mbili. Alipata nguvu ya mara 46 ya uzito wake. Mishipa ya macho yake ilipasuka, akawa haoni kwa muda, lakini aliishi, na macho yake yakapona. Alithibitisha kwa mwili wake mwenyewe kwamba binadamu aliyefungwa vema huvumilia nguvu kubwa ajabu, na baadaye alishika bidii kuwahimiza watu waweke mikanda katika magari ya kawaida.

Hivyo basi, ilipofika mwaka 1965, elimu ya kinga ilikuwa tayari, na chombo cha kinga kilikuwa kimekwisha kuuzwa. Sasa turudi Eastlands tuone ilikuwaje.

Katika miaka hiyo ya mwanzo wa uhuru watu walimiminika mjini, na mji ukapanuka. Katika miaka ya 1970 ilijengwa Buruburu, Umoja na Dandora. Baadaye ikaja Kayole. Mtaa ulisogea mbali na kazi, na miguu ikashindwa. Mabasi hayakutosha. Hapo ndipo lilipostawi gari la matatu. Jina lenyewe, kama inavyosimuliwa, limetoka katika nauli ya mwanzo, nayo ni sarafu tatu za senti kumi kumi. Yalikuwa magari makuukuu ya watu binafsi yaliyobeba abiria kwa kujificha, kwa maana leseni hazikuwa nazo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalum. Tangazo hilo lilileta nafuu ya kweli. Mfanyakazi wa Dandora alifika kazini kwa wakati, mama wa Umoja akafika sokoni, na vijana wengi wakapata riziki. Mtu asemaye kwamba matatu ilileta madhara tu haijui historia ya mji huu.

Lakini tangazo lilihusu haki ya kubeba na haki ya kubebwa. Mwili wa mbebwaji haukutajwa. Matatu nyingi za zamani zilikuwa pikapu zilizojengewa kibanda cha bati nyuma, na ndani zikawekwa benchi mbili kwa urefu wa gari, abiria wakatazamana. Sasa pima kwa elimu uliyokwisha kuipata. Aliyeketi ubavu hana kiti cha kumkinga mgongo breki ikishikwa. Huteleza juu ya benchi akamwangukia jirani, na jirani akamwangukia wa tatu. Madirisha ni madogo au hayapo, kwa hiyo jicho haliioni njia. Laona magoti ya mtu wa upande wa pili, nayo yametulia. Sikio na jicho hugombana tangu Kayole hata katikati ya mji. Waliokosa benchi husimama wameinama chini ya bati, na wengine huning'inia mlangoni, na kitu kiwazuiacho ni vidole vyao tu. Gari likifika kwenye mzunguko wa barabara karibu na City Stadium, penye Barabara ya Jogoo, zile kilo 34 za mfano wetu hazimsukumi mtu mmoja, humsukuma kila mmoja wao, na wote upande ule ule. Uzito wote huo ulio juu huelekea nje ya kona, na gari lililojazwa kupita kiasi huanza kunyanyua magurudumu ya ndani.

Na dereva je? Dereva haoni kizunguzungu. Ameishika njia kwa macho na usukani kwa mikono. Akisikia abiria wakilia nyuma huwadhania waoga. Tena anayo sababu ya kukimbia: tajiri mwenye gari hutaka fedha yake jioni, na kila safari ya ziada ni mkate wa ziada. Sisemi haya ili kumtetea wala kumhukumu. Nasema ili uone kwamba mtu awezaye kupunguza mwendo ndiye asiyeyahisi madhara yake, na mtu ayahisiye hana breki ya kuishika. Sheria imewekwa duniani kwa ajili ya hali kama hizo.

Sheria ilikuja kwa hatua. Mwaka 1984 sheria ya barabara ilirekebishwa, na matatu zikatakiwa kupata leseni na kukaguliwa. Pikapu zikapungua, mabasi madogo na baadaye magari ya abiria 14 yakaongezeka. Benchi za ubavuni zikaacha nafasi kwa viti vielekeavyo mbele. Lakini mikanda haikuwapo, na wa kusimama walisimama.

Hapa naomba tutoke Nairobi kwa kitambo kidogo tuende Texas, Marekani, kwa kuwa yaliyotokea huko mwaka 2001 yanatupa kipimo cha kupimia yetu. Yalikuwa yafanyike mashindano makubwa ya magari katika uwanja wa mviringo ambao kona zake zimeinuliwa upande kama bakuli. Katika majaribio magari yalikwenda zaidi ya kilomita 370 kwa saa, na kila mzunguko ulichukua sekunde 23 hivi, karibu zote zikiwa ni za kupinda. Madereva walipata nguvu ya mara 5 ya uzito wao, si kwa nukta moja bali kwa sekunde nyingi, mzunguko baada ya mzunguko. Marubani wa ndege za vita waijua nguvu ya kiasi hicho: ikimkandamiza mtu kutoka kichwani kwenda miguuni, damu hushuka, macho huona kijivu, kisha giza. Katika gari la Texas nguvu hiyo iliwajia kwa upande na kwa kuwakandamiza kitini pamoja, na masikio yao ya ndani yalichafuka. Madereva 21 kati ya 25 waliwaambia waganga kwamba wameona kizunguzungu au wamepotewa na mwelekeo. Tarehe 29 Aprili 2001, saa chache tu kabla ya kuanza, mashindano yakafutwa. Watazamaji walikuwa wamekwisha kulipa na fedha nyingi zilipotea. Hata hivyo yakafutwa.

Tafakari, msomaji. Madereva wale walikuwa mabingwa waliofungwa mikanda imara, wenye kofia ngumu vichwani, tena walioingia mchezoni kwa hiari yao na kwa ujira mkubwa. Waliposema, "Tunaona kizunguzungu," walisikilizwa siku ile ile. Abiria wa Eastlands alikuwa akisema hivyo tangu mwaka 1973, bila mkanda, bila kofia, na nauli akilipa yeye. Tofauti yao haikuwa katika masikio, kwa kuwa masikio ya wanadamu ni mamoja. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alikuwa na mtu wa kumwandikia maneno yake kwenye daftari, na mwingine hakuwa naye.

Hatimaye daftari lilifunguliwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2003 waziri wa uchukuzi, John Michuki, alitoa kanuni mpya, nazo zikaanza kushurutishwa mwezi wa Februari mwaka 2004. Kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kiwe na mkanda. Kusimama kulikatazwa, idadi ya abiria ikawa idadi ya viti. Siku za mwanzo magari mengi hayakuwa tayari, yakaondolewa barabarani, na watu wa Eastlands wakatembea tena kwa miguu kama babu zao. Wengine walinung'unika kwamba mikanda ni michafu na huchafua nguo. Lakini watu waliketi, kila mtu kitini pake, na kwa mara ya kwanza mtu wa Buruburu alipewa mkanda kwa amri ya sheria.

Hesabu miaka. Tangu mkanda wa ncha tatu ulipouzwa mara ya kwanza mpaka kanuni za Nairobi ziliposhurutishwa ni miaka 45 kasoro miezi. Tangu gari la aina ile lilipoishinda Safari mbele ya macho ya mji mzima ni miaka 39. Mtoto aliyezaliwa Kaloleni siku ya ushindi wa Joginder alikua, akasoma, akaoa, akapeleka wanawe shuleni kwa matatu, na katika safari zote hizo sheria haikumpa mkanda. Kinga ilipita mbele ya macho yake ikishangiliwa, naye hakuambiwa kwamba ni kinga. Aliambiwa kwamba ajali haina kinga.

Wala usidhani kwamba mambo yamekwisha. Kanuni ikiandikwa huhitaji kulindwa kila siku, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikishikwa na kulegezwa, ikishikwa na kulegezwa. Kidhibiti mwendo chaweza kuchezewa, mkanda waweza kukatika na usibadilishwe, na njia ya katikati ya viti huwavutia wa kusimama wakati wa jioni mvua inaponyesha. Hapo mlinzi wa kwanza wa kanuni si askari, bali ni wewe uketiye.

Kwa hiyo chukua mambo manne katika insha hii. La kwanza, ukisumbuliwa na kichefuchefu, keti mbele, tazama njia ya mbali, funga kitabu, upate hewa. Hivyo utawapatanisha sikio na jicho. La pili, funga mkanda hata kama safari ni fupi, maana ukuta hauulizi umetoka mtaa gani. La tatu, ukumbuke kwamba mwendo ukiongezwa mara mbili nguvu huongezeka mara nne. Ukiwa dereva siku moja, hesabu kwa ajili ya wale usiowaona mgongoni mwako. La nne, likupasalo wewe mwanafunzi kuliko watu wengine: abiria anaposema ameumia, aandikwe. Elimu ya nguvu na kizunguzungu ilipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliopima, wakaandika, wakatangaza. Aandikaye maumivu ya watu wa mtaa wake kwa uangalifu, mwaka, mahali na idadi, hufanya kazi ile ile ya Bárány na ya Stapp.

Wahenga walisema pia kwamba mwenda pole hajikwai. Hawakuwa na hesabu za Newton, lakini walijua kwamba mwili una kiasi chake. Sisi tuliopewa hesabu hatuna udhuru wa kusema hatukujua.